Kukanusha na Kukadhibisha katika Uhakiki wa Ushairi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kitenzi "kanusha" aghalabu hutwishwa mzigo usio wake. Mhakiki huandika kwamba mwandishi fulani "amekanusha" dai, naye msomaji akachukulia kuwa uongo wa dai hilo umekwisha kudhihirika. Maana ya msingi ya kitenzi haifiki huko. "Kanusha" ni jamaa ya "kana", nacho hueleza msimamo wa msemaji tu: mshtakiwa hukanusha mashtaka, awe na hatia au asiwe nayo.

Hatua inayofuata ina vitenzi vyake. "Kadhibisha", chenye asili ya neno la Kiarabu lihusulo uongo, ni kudhihirisha kwamba lililosemwa si kweli. "Suta" humwelekea mtu wala si dai: msutwa hukabiliwa ana kwa ana na ushahidi wa aliyoyanena. Vitenzi hivi viwili havisimami pasipo ushahidi, "kanusha" husimama.

Tofauti hii ina uzito katika mgogoro wa mashairi huru. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), aliweka vina na mizani kuwa kanuni za utunzi. Kichomi (1974) cha Euphrase Kezilahabi kiliikanusha kanuni hiyo kwa vitendo. Hakikuikadhibisha, kwani wanamapokeo waliweza kujibu kwamba yaliyomo si mashairi, na baadhi yao walijibu hivyo. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, waliuhamishia mjadala kwenye hoja: je, vina na mizani ndiyo roho ya ushairi?

Hapa yapasa kutenga madai mawili. Dai kwamba ushairi wote wa jadi wa Waswahili una vina na mizani kamili ni taarifa, nayo hukadhibishwa na nyimbo za ngoma na za kubembeleza watoto zisizofuata hesabu hiyo. Dai kwamba shairi lapaswa kuwa navyo ni kanuni. Kanuni haikadhibishwi kwa mifano. Hupingwa kwa kanuni nyingine. Wahakiki wanaoyafunika yote mawili kwa "kanusha" huwapa washairi huru ushindi ambao haujapatikana, na huwanyima wanamapokeo jibu wanalostahili.