Haiba Hailipi Kodi ya Pango

Sifa za duka la vitabu la kijijini tunazijua: rafu za mbao, harufu ya karatasi, mwenye duka anayekuita kwa jina. Riwaya ya Penelope Fitzgerald, The Bookshop, iliyotoka Uingereza mwaka 1978 na kuingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker, inazijua pia. Ila haidanganyiki nazo.

Mjane Florence Green anafungua duka katika mji mdogo wa pwani mwaka 1959, ndani ya nyumba kuukuu yenye unyevu na mzuka juu yake. Anaazimisha vitabu. Anaagiza nakala 250 za Lolita, watu wanajazana dirishani. Bado duka linakufa. Mama mmoja mwenye uwezo anaitaka ile nyumba, na mji uliobaki unanyamaza tu.

Nimeisoma hapa Shirimatunda, Moshi, na ukimya ule ndio ulionigusa. Huku ukiulizia duka la vitabu unaelekezwa stesheneri: madaftari, kalamu, fotokopi, vitabu vya kiada. Simcheki mwenye stesheneri, anauza kinachonunuliwa. Mzazi anatoa hela kwa sababu shule imeleta orodha. Mtihani ukipita, kitabu kinafungia karanga. Kununua kwa amri tumezoea, kununua kwa hamu bado. Akija mtu kuulizia Parched Earth ya mwaka 2001, riwaya ya Elieshi Lema, mzaliwa wa Kilimanjaro hiihii, ataambiwa nini?

Kuna jambo moja Fitzgerald analipitia haraka mno. Florence hana uhakika kama Lolita ni kitabu kizuri. Inabidi amuulize mzee Brundish. Jamani, hapo ndipo ilipo haiba yenyewe! Sio kwenye mbao wala harufu, ni kwa mtu aliyesoma anayekwambia, "Chukua hiki, halafu uje tubishane." Riwaya ingekaa zaidi na wazee wa aina hiyo ningeipenda zaidi.

Nyumba ya kale haihitajiki. Rafu moja pembeni ya mashine ya fotokopi, riwaya kumi za Kiswahili na muuzaji aliyezisoma, hapo duka limeshaanza. Linalobaki ni letu: tuingie tununue, hata mwezi ambao hakuna mtihani. Tukinyamaza, tusije kumtafuta mchawi.