Ngoma ya Mwindo na Pori Letu

Wengine katika wasomaji wetu watauliza: ngoma yatufaa nini, sisi tunaosoma teolojia? Tuwajibu kwa habari ya mtu mmoja wa Walikale.

Katika mwaka 1956, kijijini Bese, mwimbaji Mnyanga aitwaye Shekarisi Rureke aliimba na kucheza hadithi ya Mwindo mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck. Kazi ilidumu siku kumi na mbili, hata sauti na nguvu zikampungukia. Maneno yake yakaandikwa, na katika 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene walitoa kitabu. Tumekisoma kwa shukrani, tena kwa huzuni kidogo, kwani karatasi haina miguu.

Mwimbaji wa karisi (ndilo jina la hadithi hizi) si msimulizi wa kukaa kitini. Anashika kibuyu chenye mbegu na conga, ule usinga wa kifalme, vijana wanapiga vijiti, watu wanaitikia, naye anakuwa Mwindo mwenyewe. Mara anakatiza hadithi kusudi aseme juu ya maisha yake na kuwashukuru wenye kumpa zawadi. Bila waitikiaji ngoma hii haiendi.

Basi, Mwindo anatamani nyama ya nguruwe wa pori, anawatuma Watwa wanne kuwinda. Watatu wanamezwa na Kirimu, joka la vichwa saba. Mwindo anaenda, anamwua, waliomezwa wanatoka wazima. Hadithi nyingi zingeisha pale. Lakini Nkuba, mwenye umeme, alikuwa amefanya udugu wa damu na Kirimu. Ananusa harufu ya rafiki yake motoni, anashuka, anamchukua shujaa juu. Mwaka mzima Mwindo anateswa na mvua, baridi, mwezi na jua. Kiisha anarudishwa na amri: asiue tena mnyama wa pori wala wa kijiji, hata mdudu mdogo.

Wengi humsifu Mwindo juu ya ushujaa wake. Sisi tunaona kwamba moyo wa ngoma uko katika mwaka ule wa baridi. Mwindo hakuua kwa ubaya, aliokoa watu. Hata hivi anaulizwa juu ya ndugu ya yule aliyemwua, ndugu ambaye hakumjua. Na ni mtu mmoja yule yule, kwa miguu ile ile, anayecheza ushindi na kucheza adhabu.

Leo ukipanda Masisi unakuta malisho ya ng'ombe pahali pengi pa pori la zamani. Rubaya wanachimba koltani, Bisie kasiterite. Njiani ni magunia ya makala ya kupikia. Kila mmoja ana sababu: watoto wale. Mwindo naye alikuwa na sababu. Tena vita: katika Januari 2025 M23 walitwaa Masisi, katika Machi wakaingia Walikale, wakatoka mwezi uliofuata. Siku kumi na mbili za ngoma zinataka siku kumi na mbili za amani, na watu waliokaa pamoja.

Sisi mapadri tumekwisha kupewa misale ya jimbo la Zaire tangu 1988, na tunacheza kuzunguka altare. Tangu 2015 tunafundisha Laudato si', mara nyingi kwa maneno makavu. Kucheza furaha tunajua. Kucheza toba hatujajifunza. Rureke, asiyesoma seminari, alikuwa na ngoma ya toba ndani ya mwili wake.

Ukifuata barabara ya Walikale kupita Lubutu, unafika Kisangani, kwake Faustin Linyekula, mchezaji aliyezaliwa Ubundu katika 1974, mwenye Studios Kabako. Katika 2017 alicheza Banataba katika Metropolitan Museum ya New York. Jina ni la kijiji cha ukoo wa mama yake, na mchezo ulianzia kwa sanamu ya Walengola iliyowekwa katika gala ya nyumba ile. Naye pia anauliza kwa mwili wake: nani ndugu yangu, nani alinitenga naye? Swali ni la kweli. Lakini watu wa makumbusho hupiga makofi mwishoni, hawaitikii katikati. Tuseme kwa haki kwamba kule Kisangani anafanya kazi pamoja na watu wa Lubunga. Kazi hiyo inakaribia karisi kuliko jukwaa la New York.

Hata karisi tunaitia lawama moja. Watwa wanatumwa kuwinda juu ya tamaa ya bwana wao, wanamezwa. Kisha amri inapewa Mwindo, nao hawaulizwi neno. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoundwa katika 1970, na kupanuliwa katika 1975 hata kuingia Walikale, ilikuwa vivyo hivyo: Watwa walifukuzwa katika pori walilolijua kuliko wote, kusudi pori lilindwe. Mwimbaji wa leo atakayewapa Watwa wale wanne wimbo wao wenyewe, sisi tutakaa siku zote kumi na mbili kumwitikia.