Masomo ya Mtandaoni na Wale Wasioyafikia

Siku hizi twasikia kwamba masomo yaletwayo kwa mtandao yamevunja kuta za shule, hata mtu wa Mikumi aweza kusoma sawasawa na mtu wa Dar es Salaam. Neno hili twalipenda, walakini hatukutaka kulipokea kabla ya kulipima. Basi wakati wa likizo tulikaa siku kadha wa kadha, kwanza Kilosa, kisha Mikumi, pamoja na vijana watatu, tukayafuata masomo ya namna nyingi kwenye simu. Mmoja ni kipofu, wa pili kiziwi. Wa tatu ana macho na masikio mazima, ila fedha ya bando huipata kwa shida.

Lililotuhuzunisha zaidi ni somo la hesabu. Mwalimu wake ni hodari, sauti yake njema, ubao wake safi. Lakini kila mara alisema, "Hii ukiitoa hapa, unapata hii." Hii ipi? Kijana wetu kipofu aliinamisha kichwa akangoja itajwe, wala haikutajwa hata mwisho. Kama mwalimu angalisema, "Saba ukiitoa katika kumi na mbili, unapata tano," asingalipoteza kitu. Twakiri kwamba sisi wenyewe hufundisha vivyo hivyo, chaki mkononi, na hatukulitambua kosa letu mpaka siku ile.

Zipo programu zisomazo kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kipofu Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, naye kipofu, hutolewa bure kwa kompyuta. Na simu nyingi za Android zina TalkBack. Lakini mtunga somo akipiga picha ukurasa wa kitabu na kuuweka hivyo hivyo, mara nyingi programu hunyamaza, na kwa kipofu ukurasa ule ni mtupu.

Kiziwi naye aliona midomo ikichezacheza tu. Maneno hayakuandikwa chini ya picha. Wala tusidhani kwamba maandishi yangewatosha viziwi wote, maana kwa wengi lugha iliyo karibu na moyo ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Yule wa tatu bando lilimwishia katikati ya somo la pili. Laiti wangaliweka sauti peke yake na maandishi mafupi, angalimaliza kwa gharama ndogo.

Yapo ya kusifiwa. Ubongo Kids, kilichoanza mwaka 2014, hufundisha kwa Kiswahili na kwa nyimbo, na kazi za waliokitunga huenda kwa redio pia. VSOMO, iliyotolewa na VETA pamoja na Airtel mwaka 2016, iliweka nadharia kwenye simu na kuacha kazi za mikono zifanywe chuoni, jambo la busara. Hata hivyo ilitaka simu janja, na asiyekuwa nayo alibaki mlangoni.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yawapa haki ya elimu. Mtunga somo asiulize ni wangapi watakaofaidika. Na amwite kipofu mmoja alisikilize somo kabla halijatolewa.

Jioni tulimrudia kijana yule hesabu ile ile, tukizitaja tarakimu zote. Alijibu kabla hatujamaliza kusema.