Waliochekesha Bila Sauti

Studio ya Keystone ilipoanza Los Angeles mwaka 1912, jua ndilo lililokuwa taa, na mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono. Mwigizaji alijipaka rangi usoni mwenyewe. Mikanda ya filamu ya enzi hizo haikuiona rangi nyekundu: mdomo uliopakwa nyekundu ulitokea mweusi tii, basi ilimlazimu aujue mwanga kabla hajachekesha mtu. Kisha aanguke matopeni, mara nyingi bila mtu wa kuanguka badala yake. Akiwahi mno, hakuna anayecheka; akikosea, anaumia.

Mabel Normand aliifanya kazi hiyo, na mwaka 1914 alikuwa akiongoza filamu pia, nyingine akiigiza na Charlie Chaplin, ambaye kamera ilikuwa ngeni kwake. Lakini wengi humkumbuka kwa kuhusishwa na mauaji ya mwongozaji William Desmond Taylor ya 1922, ingawa hakushtakiwa kamwe. Kifua kikuu kilimuua 1930. Naona hakutendewa haki. Filamu nyingi za kimya za Marekani zimepotea, za kwake zikiwamo. Zilizosalia zinamwonyesha fundi anayejua kamera ilipo bila kuitazama.