Supu ya Kuku Inayopikwa na Mgonjwa Mwenyewe

Mafua yakikaza, mwili unauma na miguu haitaki kusimama jikoni. Supu ya kuku yenye tambi niliyoipika nikiwa katika hali hiyo niliipanga kwa kanuni moja: kazi nzito ifanywe na moto mdogo, mikono ipumzike. Naichambua hapa kwa sababu kanuni hiyo, mbali na kumhurumia mpishi, ndiyo pia inayotoa supu bora.

Kuku alikuwa wa kienyeji, aliyekwisha taga, uzito wa kama kilo 1.5. Muuzaji alimchinja, akamnyonyoa, akamkata vipande na kuongeza miguu kadhaa. Ngozi, kano na maungio ya kuku aliyekomaa vina kolajeni, protini ngumu ambayo ikikaa muda mrefu katika maji ya moto hulegea na kuwa jelatini. Jelatini ndiyo inayoipa supu uzito wake. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache. Nyama yake huiva upesi, ila mchuzi hubaki mwepesi. Aliye na huyo tu azidishe miguu na shingo.

Vipande viliingia katika lita 2.5 za maji baridi, bila chumvi. Maji yakipata joto polepole, protini zinazotoka kwenye nyama huganda na kuelea kama povu la kijivu, nalo huenguliwa kwa upawa. Hapo ndipo mahali pekee palipodai usimamizi wa karibu. Povu lilipokwisha nilitoa makaa kadhaa jikoni na kuufunga mlango wa chini, nikaacha upenyo mdogo wa hewa. Viputo vilipanda kimoja kimoja. Supu ikichemka kwa fujo, mafuta hupasuka kuwa chembe ndogo na kuchanganyika na maji. Hayaenguki tena, na mgonjwa mwenye kichefuchefu huikataa supu hiyo kwa mafuta yake.

Kidari nilikitoa mara kilipoiva, nikakichambua nyuzinyuzi, na mifupa yake ikarudi sufuriani. Kidari kina kolajeni kidogo, kwa hiyo kukiacha humo muda wote ni kukikausha bure. Mapaja, mgongo na miguu viliendelea kwa karibu saa 3, nami nimeketi karibu na jiko. Dalili ya mafanikio huonekana supu ikilala kwenye friji: huganda na kutikisika. Asiyejua hudhani imeharibika, kumbe hiyo ndiyo jelatini yenyewe.

Tangawizi, karoti na kitunguu viliingia katika nusu saa ya mwisho, pilipili manga na ndimu baada ya kuepua. Uteuzi wa viungo hivi una sababu. Pua ikiziba, harufu haifiki inapohisiwa, na sehemu kubwa ya ladha ya chakula hupotea nayo. Kinachobaki ni chumvi, uchachu na ule ukali wa tangawizi na pilipili unaohisiwa na neva za kinywani. Kwa hiyo mpishi mwenye mafua asiamini kuonja kwake, apime. Nilitia chumvi mwishoni, maji yakiwa yamekwisha pungua hadi lita 2, vijiko 2 vya chai visivyojaa kupita kiasi. Mwenye shinikizo la damu apunguze.

Tambi zilichemshwa kwenye sufuria yake, zikawekwa bakulini, supu ikamiminwa juu. Zikipikwa ndani ya supu, wanga wake huitia ukungu, na zikilala humo hunywa mchuzi wote na kuvimba hadi zikatike.

Je, mwili unapata nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 katika jarida la Chest ulipima kasi ya kamasi puani na kukuta kwamba supu ya kuku ya moto huiongeza, ingawa matokeo hayo yalikwisha ndani ya nusu saa. Mwaka 2000, katika jarida hilo hilo, Stephen Rennard wa Chuo Kikuu cha Nebraska na wenzake walionyesha kwamba supu ya kuku hupunguza mwendo wa aina fulani ya seli nyeupe za damu zinazohusika na uvimbe. Hata hivyo, hilo lilifanyika maabara, nje ya mwili wa mtu. Faida iliyo wazi zaidi ni maji, chumvi na protini kwa mtu asiyeweza kutafuna wali, pamoja na mvuke unaolegeza pua.

Supu basi humtunza mgonjwa, haimtibu. Kwetu, ambako malaria ipo, homa na kutetemeka visihesabiwe kuwa mafua kwa kukisia: mtu akapime malaria siku hiyo hiyo. Akirudi, supu ichemshwe tena mpaka itokote, ndipo amiminiwe.