Mwangwi Katika Kaswida: Pambo au Pazia?

Ndugu msomaji, miongoni mwa mambo yanayosikitisha katika kaswida zinazorekodiwa siku hizi ni kuwa sauti ya mwimbaji kiongozi hutiwa mwangwi mwingi hata maneno yake yakapotea. Mafundi wa studio huuita dilei. Je, ni pambo linalomfaa mwimbaji, au ni pazia linalomficha?

Mfano wetu tunautoa mbali kidogo na pwani: Butimba, jijini Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, Chuo cha Ualimu Butimba kimejulikana kwa muda mrefu kwa kuwafunza walimu wa muziki na sanaa, basi hapo ndipo suala la sauti lina wenyewe. Pili, Mwanza ni nchi ya majabali, na jabali ndilo mwalimu wa kwanza wa mwangwi.

Simama mita 34 mbele ya jabali, kisha upige ukelele mmoja. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Itakwenda mita 34 na kurudi 34, nawe utaisikia tena baada ya sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani milisekunde 200. Mtambo wa studio haufanyi zaidi ya hayo: huishika sauti, hukaa nayo kidogo, kisha huitoa tena, mara moja au mara nyingi. Katika miaka ya 1950, Sam Phillips wa studio ya Sun mjini Memphis, Marekani, aliupata mwangwi huo kwa vinasa-sauti vya utepe. Kichwa kimoja cha mashine huandika sauti, na kichwa cha pili huisoma utepe unapokifikia. Vichwa vikiachana inchi 2, na utepe ukienda inchi 15 kwa sekunde, kitambo kati yao ni kama milisekunde 133. Leo kompyuta huifanya kazi hiyo kwa kubonyeza kitufe tu, na urahisi huo ndio uliotuletea israfu.

Wako mafundi wanaopima kwa hesabu: 60,000 huigawa kwa idadi ya mapigo ya dufu katika dakika moja. Dufu likipiga mara 75, pigo moja ni milisekunde 800, na nusu yake ni 400. Hesabu hiyo ni sahihi, wala hatuikanushi. Lakini dufu halina maneno, mwimbaji anayo.

Tazama lugha yetu ilivyo. Maana ya neno la Kiswahili aghalabu hukaa kichwani mwake. "Atarudi" na "hatarudi" hutengwa na herufi moja nyembamba. Mkia wa neno lililopita ukiangukia hapo, msikilizaji atajuaje kama ameahidiwa au amekatazwa tamaa? Tazama na shairi letu la mizani 16: kina cha kati huwa kwenye mizani ya 8, na cha mwisho kwenye ya 16. Mwangwi ulioachwa wazi huuchukua mwisho wa mshororo mmoja ukautupa juu ya mwanzo wa mshororo unaofuata. Kina kikasikika mahali pasipo pake, na kazi ya mtunzi ikavurugika.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kutia nyimbo zao katika santuri. Wakati huo hapakuwa na mtambo wa kuirudia sauti yake. Kilichombeba ni pumzi, matamshi, na kujua wapi pa kuvuta na wapi pa kukata. Ni ujuzi huo ambao mwangwi mwingi huuficha kwa anayeujua, na kumsingizia asiyeujua.

Katika kisomo cha Kurani jambo hili ni zito zaidi. Madda zina vipimo vyake, na mwenye kujifunza hupima kwa sikio. Sauti ikiendelea kulia baada ya msomaji kunyamaza, mwanafunzi atajuaje madda imeishia wapi?

Hatusemi mwangwi uachwe kabisa. Mwangwi mfupi, wa chini, huinenepesha sauti nyembamba bila ya kuisogeza mbali na sikio. Tunachosema ni kwamba una mahali pake. Fundi aufunge wakati maneno yanapopita, na aufungue kwenye kina cha mwisho, pale mwimbaji anapovuta pumzi na waitikiaji hawajapokea. Aupunguzie besi na ukali, ukae nyuma ya sauti kama kivuli kinavyomfuata mtu. Kadhalika akumbuke kwamba kaswida hiyo huenda ikapigwa katika ukumbi wenye kuta tupu, kwa spika zilizotawanyika, na ukumbi nao una mwangwi wake. Anayeongeza mwangwi juu ya mwangwi ajua afanyalo?

Kipimo ni chepesi, na kila chama cha kaswida chaweza kukitumia kabla ya kulipa pesa za studio. Mwite mtu asiyeijua kaswida hiyo, mpe kalamu, umpigie mara moja tu, aandike anachosikia. Maneno atakayoyakosa ndiyo yaliyofunikwa, basi fundi ayarejee hayo.

Ndugu msomaji, majumbani mwetu wako wazee wasiosoma na watoto ambao hawajajua kusoma, na kaswida ndiyo darasa lao. Mtoto hukariri kama alivyosikia. Akisikia neno nusu, atalihifadhi nusu, na atamfundisha mwenziwe nusu. Neno la mtunzi ni amana mikononi mwa fundi, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe ikiwa kamili.

Wabillahi tawfiq.