Fundi wa Majedwali Marefu

Tangu 2011, mkaa wa mawe wa Ngaka, kata ya Ruanda wilayani Mbinga, umekuwa ukipakiwa kwenye malori kupelekwa sehemu mbalimbali, vikiwemo viwanda vya saruji. Biashara ya namna hii husimama juu ya mizani: lori hupimwa tupu, hupimwa tena limejaa, na tofauti ndiyo mzigo. Tuseme mhasibu anataka vipimo vya miaka kadhaa katika faili moja la Excel, lenye makro ya kuchambua mzigo wa kila mteja. Mtengeneza programu anayepewa kazi hiyo hupimwa ustadi kabla hajaandika chochote: atatumia maktaba gani ya programu?

Kosa hapa lina gharama. Mwaka 2020 nchini Uingereza, matokeo 15,841 ya wagonjwa wa korona yalichelewa kuingia kwenye takwimu, kwa kuwa faili la mtindo wa zamani, .xls, hukomea mstari wa 65,536. Faili la sasa hubeba mistari 1,048,576. Nafasi ipo, kinachoelemewa ni kumbukumbu ya kompyuta.

Fundi mzuri hulifungua faili alione tumbo lake. Nakili faili lenye makro, yaani .xlsm, badili mwisho wa jina uwe .zip, ulifungue: kila karatasi ni maandishi ya XML, na pembeni kuna vbaProject.bin, makro zenyewe. Maandishi yale maktaba yoyote huyaandika. Ile .bin hutoka Excel, kwa hiyo maktaba tatu zifuatazo huibeba tu, haziitungi.

Kwa anayetumia Python na kuanza faili jipya, XlsxWriter ya John McNamara ndiyo kazi safi kuliko zote. Makro huandikwa mara moja ndani ya Excel, huchomolewa kwa vba_extract.py, kisha hupachikwa kwa add_vba_project. Ukiwasha constant_memory, kila mstari huhamishiwa diski mara unaofuata unapoanza, kwa hiyo data ikikua kumbukumbu haijai. Sharti lake ni gumu na la haki: huwezi kurudi nyuma kurekebisha mstari uliopita. Lazima hesabu ziwe zimepangwa kichwani kabla ya kalamu kushuka, na huo ndio ufundi wenyewe. Tena, haisomi faili lililopo.

openpyxl, maktaba nyingine ya Python, husoma, na kwa keep_vba=True huzihifadhi makro. Lakini maumbo yaliyochorwa kwenye karatasi huweza kupotea ukihifadhi upya, na kumbukumbu inayotumika huweza kufikia mara 50 ya ukubwa wa faili. Kwa faili dogo, sawa.

Ofisi yenye mfumo wa Java ichukue Apache POI. Sehemu yake ya SXSSF huweza kuanzia kwenye kiolezo chenye makro, kwa kawaida hushika mistari 100 ya mwisho tu, na mingine huishusha kwenye faili za muda.

Limebaki suala la mpokeaji. Tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, hivyo makro za faili lililotumwa Dar es Salaam kwa barua pepe huenda zisifanye kazi mpaka mpokeaji aziruhusu. Mwelekeze mapema. Na jaribu faili lenye mistari yote kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote za ofisi, kwa sababu huko ndiko litakakofunguliwa.